Beseni la Kulala

Baba alipokwenda Manyoni kuchagua beseni la kuogea, alilichagua kama watu wa kwetu wanavyochagua dume la ng'ombe. Alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa vidole, akainama kuitazama miguu yake, kisha akasimama mbali kidogo akaliangalia tena. Hayo alitusimulia mwenyewe, tena kwa furaha, maana siku ile alikuwa bado hajajua ametuletea nini. Mimi sikuwapo. Lakini habari hiyo nimeisikia mara nyingi mpaka naona kama nilisimama nyuma yake, na kila nikiikumbuka natamani ningemvuta shati.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa kijijini, katika nchi yetu ya upepo na visima vya kubahatisha, alihangaikia beseni la Kizungu. Si kwa majivuno, ingawa watu walisema hivyo, na baba mwenyewe hakuwa mtu wa kukosa majivuno. Ni kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa mrefu. Alimpita baba kwa kichwa kizima, na baba, aliyekuwa nyapara wa genge la reli kabla ya kurudi nyumbani kulima, alipenda kuwaambia wageni kwamba wenzake walioa wake, yeye alioa nguzo ya simu. Mama alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Vibuyu vilivyoning'inia kwenye boriti alivitungua bila kupanda kigoda. Mlango wa tembe letu ulimlazimu kuinama, na hata alipokuwa nje, mahali pasipo na mlango wowote, alikuwa na desturi ya kuinamisha shingo kidogo alipoanza kutembea.

Ugonjwa ulianzia vidoleni, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, tulipokuwa bado tunaimba nyimbo mpya shuleni bila kuzijua vizuri. Kwanza alishindwa kukamua. Halafu akashindwa kusaga uwele, nikachukua mimi jiwe. Waganga walitaja mambo mengi, mengine ya aibu kuyarudia. Hospitali ya misheni walisema ni baridi yabisi, na sista mzee aliyekuwa akiwaona wagonjwa wa mifupa, Mzungu aliyezungumza Kiswahili bila kuzungushazungusha, alimshika mama goti akalikunja na kulikunjua, kisha akamgeukia baba. Alisema magoti yameanza kukaza. Kila jioni mama atiwe kwenye maji ya moto yenye chumvi, yamfike mabegani, na humo ndani miguu inyooshwe polepole mpaka ilale. Isiponyooshwa itaganda ilivyo, na ikishaganda hakuna dawa.

Baba aliyachukua maneno yale kama amri ya kazi. Chumvi haikuwa shida, ya kukwangua kando ya ziwa pale Singida ilipatikana kwa kibaba. Kuni zilikuwapo. Kisima cha korongoni kilikuwa bado kinatoa. Kilichokosekana ni chombo cha kumlaza mtu mzima mrefu.

Nyumbani tulikuwa na shangazi, dada yake mkubwa baba, mjane aliyerudi kwao. Yeye ndiye aliyekuwa muosha maiti wa wanawake katika eneo lote lile. Akifa mwanamke, awe Mwislamu mwenzetu au jirani tu ambaye jamaa zake wameshikwa na woga, alikuja mtu mlangoni, shangazi akanawa, akajifunga kanga ya pili, akaondoka bila kuuliza mengi. Watoto wa jirani walikataa kupokea chakula mkononi mwake. Mimi nilikula, kwa sababu alipika vizuri kuliko mama, na mama alijua.

Shangazi alishauri linunuliwe karai kubwa la bati, lile la mviringo lililokuwa likiuzwa dukani kwa Mhindi mjini Singida, ambalo mtu hukaa humo magoti yakiwa juu na kumwagiwa maji mgongoni. Mama naye alilitaka hilo. Alisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Mimi nataka la kukaa."

Baba akasema la kukaa halinyooshi miguu. Akarudia maneno ya sista, neno kwa neno. Na alikuwa na haki, hilo sitaki kumnyang'anya. Kama ni kwa hesabu ya mwili, baba alikuwa sahihi na wanawake wawili wa nyumba ile walikuwa wamekosea. Lakini hakuuliza kwa nini wanataka la kukaa. Mgonjwa haulizwi uji, na baba aliishi kwa methali hiyo.

Alikuwa amesikia kutoka kwa wenzake wa zamani kwamba Manyoni kuna nyumba ya mhandisi mmoja aliyerudi kwao, na vyombo vyake vimetolewa nje viuzwe. Mabeseni ya kuogea yalikuwa mawili, fupi na refu, yote ya chuma kizito kilichopakwa weupe wa kung'aa kama wa sahani zetu za bati. Alitaka kujua kabla hajaondoka ni lipi litamtosha mama akiwa amenyooka kabisa.

Basi mchana mmoja mama alikuwa amelala uani juu ya ngozi ya ng'ombe, kivulini. Wakati ule magoti yalimkaza asubuhi, lakini jua likipanda yalilegea, na akisinzia alinyooka mwili mzima kama alivyokuwa zamani. Nilikuwa napepeta uwele. Nikamwona baba anatoka ndani na kamba ya katani. Akapiga magoti kichwani pa mama, akaibana ncha moja chini ya kijiwe, akaivuta kamba taratibu kando ya mwili wake mpaka kwenye nyayo. Hapo akafunga fundo.

Kwetu mtu aliyelala hupimwa kwa kamba mara moja tu, na anayempima huondoka na ile kamba kwenda kuwapa wachimbaji wa kaburi. Baba alijua. Kila mtu anajua. Nadhani miaka ya relini, ambako kila kitu hupimwa, reli na mataruma na nafasi kati ya taruma na taruma, ilikuwa imemfanya asahau kwamba mke wake si kitu cha relini.

Mama alifumbua macho.

"Baba watoto, unanipima nini?"

"Beseni," baba akasema. "Nakupimia beseni."

Mama aliitazama kamba, kisha akamtazama yeye. Shangazi alikuwa ametokea mlango wa jikoni, mikono ina unga. Alimwambia baba kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia akikasirika, aichome kamba ile moto sasa hivi. Baba akacheka. Akasema hayo ni mambo ya kale, nchi inajengwa, watu wanapimwa hata nguo. Akaikunja kamba akaitia mfuko wa ndani wa koti lake la reli. Mama alijiinua, akajikokota ndani, na jioni ile hakula.

Baada ya siku chache beseni refu lilifika kwa lori la mfanyabiashara wa nafaka. Watu walikuja kulitazama kutoka mbali. Lilikuwa na miguu minne ya chuma iliyofinyangwa kama nyayo za simba, na jambo hilo liliwachekesha wanaume na kuwaudhi wazee. Mmoja akasema baba amekuwa naizi, kama wale waliorithi vyeo vya Wazungu, anataka kuoga pale alipooga bwana wake. Watoto waliingia ndani wakajilaza watatu kwa pamoja, wakapiga kelele kusikia mwangwi. Baba aliwafukuza lakini hakukasirika. Sikumbuki kumwona tena na furaha ya namna ile.

Bafu alikuwa ameshalijenga nyuma ya nyumba, kuta za matofali mabichi, sakafu ya mawe, paa la madebe yaliyokunjuliwa. Sisi kile chombo chenyewe tulikiita beseni, maana bafu ni chumba. Basi wanaume sita walilibeba beseni mpaka mlangoni pa bafu, na hapo likakataa. Baba alikuwa amempima mama, hakupima mlango. Waliligeuza hivi na vile, wakalisimamisha, mwisho ukuta mmoja ukabomolewa na kujengwa upya likiwa limeshaingia. Kila mtu alicheka siku ile, hata shangazi kidogo.

Jioni tulichemsha maji katika madebe. Tundu la chini tuliliziba kwa gunzi lililozungushiwa kitambaa. Tulitia chumvi, tukachovya viwiko kuona moto wake. Mvuke ulijaa chumbani, na kwa kweli palikuwa pazuri, mahali pa kumfanya mtu yeyote aliyechoka atake kuvua nguo. Mama akaja kwa fimbo yake. Alisimama mlangoni, ameinama kwa ajili ya mlango, akalitazama beseni lote kwa urefu wake. Kisha akamwuliza shangazi.

"Wifi, wale unaowaosha, huwalaza vipi?"

Shangazi alikuwa ameshika kata ya maji. Angeweza kudanganya, na miaka mingi baadaye aliniambia alitamani kudanganya, ila mdomo wake haukuzoea.

"Hivyo hivyo," alisema.

Mama akageuka akarudi ndani. Maji yale tulifulia nguo kesho yake.

Sitaki mtu adhani mama alikuwa mjinga. Alisoma darasa la nne la misheni kabla ya kuolewa, na alijua maji ya moto hayaui. Lakini walio hai kwetu huoga wima au wamechuchumaa. Anayeogeshwa amelala, na mtu mwingine, ni yule asiyeweza tena kukataa. Na yeye alikuwa ameshapimwa kwa kamba. Aliona mambo mawili yakifuatana kwa utaratibu wake, na hakutaka kuharakisha la tatu.

Baba alibembeleza. Akagomba. Akamleta mjomba aje kusema naye, akasafiri mpaka misheni kumwomba sista aandamane naye, sista akasema hana nafasi. Kilichopatikana mwishoni ni kwamba mama alikubali kukaa ukingoni mwa beseni, akining'iniza miguu majini mpaka ugokoni. Magoti yakawa yamekunjwa vile vile. Nilikuwa nikimkanda, nikiona kabisa kwamba nakanda bure. Nilimkasirikia. Nilikuwa msichana wa kubeba maji na kuni za kazi isiyo na faida, na nilimkasirikia mama kwa kukataa, nikamkasirikia baba kwa ile kamba, na shangazi kwa kusema kweli. Hasira ile bado ninayo, imepungua makali tu.

Miguu iliganda, kama sista alivyosema. Haikuwa kwa siku moja. Kwanza mama alitembea amekunja magoti kidogo, kama mtu anayetaka kukaa. Halafu fimbo ikafupishwa, ikafupishwa tena. Siku moja nilimwona akinyoosha mkono kuelekea kibuyu kwenye boriti na mkono haukufika, akabaki ameunyoosha vile, kisha akaniita nimtungulie. Mwisho alikuwa akisogea kwa makalio. Hakuinamia tena mlango wowote. Baba aliacha kutaja nguzo ya simu.

Beseni alilisugua kila wiki kwa majivu, hata lilipokuwa halitumiki. Baada ya mavuno tulihifadhi uwele humo, kwa sababu panya hawakuweza kupanda ule utelezi.

Halafu ikaja operesheni ya kuhamishia watu vijijini.

Tulishasikia hotuba juu ya vijiji vya ujamaa, na baba alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Alisema ni jambo jema, shule karibu, zahanati karibu, mama atapata dawa bila safari. Hakuna aliyetuambia kwamba watu watahamishwa kabla zahanati haijajengwa. Walikuja mgambo pamoja na katibu kijana, asubuhi, wakasema leo. Tunahamia kando ya barabara, upande wa Mkiwa. Lori litachukua watu na chakula. Wakaanza kung'oa madebe ya paa la bafu, kisha wakavunja boriti za tembe ili mtu asije akarudi usiku.

Baba akauliza kuhusu beseni. Katibu alikwenda akalitazama, akatabasamu. Hakuwa mtu mkatili, alikuwa kijana aliyefurahia kupata la kusema mbele ya watu.

"Mzee, kijijini tutaoga wote wima."

Wale mgambo wakacheka. Baba alichukua sururu akaubomoa ule ukuta mara ya pili, peke yake, akaenda kwa jirani aliyekuwa na mkokoteni wa ng'ombe, wakalitoa beseni kwa magogo. Lori lilikuwa limejaa watu waliosimama wamebanana, na mama hakuweza kusimama. Basi walimtia mama ndani ya beseni, juu ya mkokoteni, na ngozi chini yake. Baba alimwomba alale kwa sababu njia ni ya mashimo na mawe.

Mama alikataa kulala. Alikaa wima, mgongo kwenye upande ulioinuka, magoti yakiwa juu kama yalivyokuwa sasa siku zote, na vile vidole vyake vilivyopinda vikiwa vimeshika ukingo huku na huku.

Nilitembea nyuma pamoja na shangazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini. Watu waliokuwa wakihama njia nzima waliona mkokoteni unakuja polepole, una kitu kirefu cheupe, mwanamke amefunikwa kanga, na nyuma anafuata muosha maiti ambaye kila mtu anamfahamu. Wakapisha. Wanaume wakavua kofia. Wengine wakaanza kutupa pole. Na mama, kila walipopisha, aliinua mkono akawasalimia yeye kwanza, wazee shikamoo, wenzake habari za kuhama, watoto hamjambo, kwa sauti kubwa kuliko desturi yake, ili wajue. Kuna mzee mmoja aliyestuka mpaka akajikwaa. Vumbi lilimkausha koo, akaendelea kusalimia. Tulipofika barabarani sauti ilikuwa imekatika kabisa, na mikono yake ilibidi tuibandue ukingoni kidole kwa kidole.

Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa na namba kwenye kipande cha ubao na visiki vingi. Tulijenga kibanda cha nyasi. Upepo wa Singida hauhitaji mlango kuingia. Mwaka ule mvua ilikuwa ya kudokoadokoa, mashamba ya mbali yaliachwa na ya karibu hayakuwa tayari, na maji yalikuwa ya foleni kwenye kisima kimoja ambacho kufikia mchana kilitoa tope. Beseni lilikaa nje kando ya kibanda. Mvua mbili tatu zilizonyesha zililijaza, majirani wakaja na vibuyu, na baba hakumzuia mtu. Katibu naye alichota, asubuhi moja, akinisalimia bila kuniangalia.

Mama alianza kukohoa. Baridi ya kibandani ilimwingia kifuani, na pale palipokuwa na maumivu tu pakaongezeka kuchoka. Zahanati bado ilikuwa ni nguzo nne. Alikonda mpaka magoti yakawa ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote mwilini mwake. Shangazi alimtazama kwa namna fulani, kama fundi anavyotazama mti, na alipogundua kwamba nimemwona alikwenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Mchana mmoja wa jua kali mama alimwita.

"Wifi, nitieni kwenye lile beseni."

Shangazi alisema tungoje mvua, maji hayapo. Mama akatikisa kichwa.

"Nitieni sasa, nikiwa bado nasikia moto wa maji."

Baba alikwenda kuomba maji nyumba kwa nyumba. Yeye ambaye hakuwahi kuomba hata kiberiti. Mwanamke mmoja alimwambia maji ya kunywa hayaogewi, na hakukosea, alikuwa na watoto wadogo. Wengine walitoa kibuyu, wengine nusu ya ndoo, maji ya tope ambayo tuliyachuja kwa kitambaa kabla ya kuyachemsha. Chumvi ya ziwani ilikuwapo bado, imeshikana kama jiwe, nikaiponda. Beseni halikujaa, lakini kwa mtu aliyekonda vile lilitosha kumfika mabegani.

Bafu hatukuwa nalo. Wanawake wa jirani walikuja wakasimama kulizunguka beseni, wakanyoosha kanga pande zote kuwa ukuta, kama wanavyofanya kwenye ile kazi nyingine ya shangazi. Mama alizitazama kanga, akawatazama wenye kuzishika.

"Leo mmekuja wote," alisema, na wawili watatu wakacheka huku wameinamisha nyuso.

Tukambeba tukamshusha. Akalala. Baada ya miaka yote ile alilala ndani yake, kichwa kwenye ule upande ulioinuka, akafumba macho. Uso wake ulilegea. Nilikuwa nimeusahau uso ule, uso usiokuwa ukijizuia kulia, na ulipotokea niliona jinsi alivyokuwa bado kijana. Nilishika vifundo vya miguu nikajaribu kuvuta, polepole, kama sista alivyoelekeza. Magoti hayakusogea. Yalibaki nje ya maji, mawili, makavu. Mbele ya nyayo zake palikuwa na sehemu kubwa ya beseni isiyo na mtu.

Shangazi alijipangusa mikono. Alisema bismillahi kwa sauti ya chini, akachota maji kwa kata, akaanza upande wa kulia, bega, kisha mkono, kisha ubavu, kwa utaratibu, jinsi mikono yake ilivyojua.

Mama hakufumbua macho.

"Wifi, anza popote. Mimi bado."

Kata ikamtoka shangazi mkononi. Katika kazi yake haruhusiwi kulia, alinifundisha hivyo mwenyewe, na sikuwahi kumwona akilia, hata mumewe alipokufa. Siku ile alilia mpaka akakaa chini. Kisha akainuka akamwaga maji ovyo, kifuani, kichwani, mguu wa kushoto, kama anavyomwogesha mtoto, na mama akawa anacheka na kukohoa.

Baba alikuwa nje ya kanga. Tuliona miguu yake tu, viatu vya reli vilivyokwisha visigino. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Limekutosha?"

Mama alifumbua macho. Aliitazama ile nafasi tupu mbele ya miguu yake, akaitazama kwa muda mrefu, najua maana mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale na nilidhani ananitazama mimi.

"Limenitosha," alisema. "Ulipima vizuri."

Alikaa humo mpaka maji yakapoa. Tulipomtoa alimwambia shangazi jambo moja la mwisho kuhusu beseni lile, kwamba akifa asioshewe humo. Humo ameoga, alisema.

Alikufa kabla ya mvua. Shangazi alimwosha juu ya kitanda cha miti, kama alivyoagizwa, na mimi nilishika kata. Safari hii alianza upande wa kulia na kumalizia wa kushoto bila kukosea.

Wachimbaji walikuja kuomba kipimo. Shangazi alikuwa ameshaandaa kamba mpya, fupi, maana aliyekuwa amelala pale ndani hakuwa tena mtu mrefu. Baba akamzuia. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti la reli, akatoa ile kamba ya katani, imekuwa nyeusi kwa jasho, fundo bado lipo. Sijui kama aliibeba miaka yote kwa kuisahau au kwa kuikumbuka. Shangazi alifungua mdomo amwambie kwamba hiyo imezidi. Kisha akaufunga.

"Kipimo ninacho," baba aliwaambia. "Chimbeni kwa hiki."

Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Mjomba ndiye aliyenisimulia, na hakupenda kunisimulia. Walipomshusha mama, magoti yakiwa yamekunjwa vile vile, miguuni pake pakabaki nafasi kubwa. Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema kaburi limekosewa, pajazwe udongo kidogo kabla ya kuweka miti. Baba akawaambia wapaache hivyo hivyo, ni pake.